Kupanda Mlima Meru hadi kileleni: mwongozo kamili kwa anayetaka kushuka salama

Makampuni mengi ya utalii ya Arusha na Moshi huuza Mlima Meru kama mazoezi ya Kilimanjaro. Unapandishwa huku siku tatu au nne, unapumzika kidogo, kisha unapelekwa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu au Machame. Kwa upande wa mapafu, ushauri huo ni mzuri. Kwa upande wa miguu na akili, Meru ni mlima unaojitegemea. Kilimanjaro inauzidi kwa zaidi ya mita 1,300, lakini usiku wa kilele cha Meru una kitu ambacho njia ya Marangu haina: ukingo mwembamba wa miamba na majivu, bonde la kreta likiwa chini yako kushoto, na sehemu ambako mikono inafanya kazi sawa na miguu. Usiku huoni lolote nje ya mwanga wa tochi, kwa hiyo huogopi. Asubuhi unarudi palepale ukiwa umechoka, jua limetoka, na kila kitu kinaonekana.

Ndiyo maana mwongozo huu umeandikwa kwa kuwazia kushuka kwanza. Ukijua utashukaje, kila uamuzi wa kabla yake unakuwa rahisi: idadi ya siku, aina ya buti, saa ya kuamka, na saa ya kugeuza hata kama kilele kinaonekana.

Mlima ulivyo

Meru una urefu wa mita 4,566, ingawa baadhi ya vitabu huandika 4,562. Ni wa pili kwa urefu Tanzania. Ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukaacha kreta yenye umbo la kwato ya farasi iliyo wazi kuelekea Kilimanjaro. Ndani ya kreta imesimama koni ya majivu, mlima mdogo ndani ya mlima. Njia ya kileleni hupita juu ya ukingo wa kwato hiyo, ikianzia kaskazini na kuzunguka hadi magharibi, ambako ndiko kwenye kilele chenyewe, Socialist Peak.

Njia inayoruhusiwa ni moja tu, ya geti la Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kupanda kutokea vijiji vya upande wa Arusha mjini ni kosa, na hata ungefanikiwa kuingia, hakuna anayejua uko wapi siku ukivunjika mguu.

Miinuko ya kukumbuka ni hii: Momella kama mita 1,500, mabanda ya kulala ya Miriakamba 2,514 na Saddle Hut 3,570, vituo vya njiani vya Rhino Point kama 3,800 na Cobra Point 4,350, kisha kilele. Tazama pengo kati ya Miriakamba na Saddle. Ni zaidi ya mita 1,000 kutoka kitanda hadi kitanda, wakati ushauri wa kawaida wa milima mirefu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Meru haitupi nafasi ya kufuata ushauri huo kwa sababu hakuna banda katikati. Ni ubishi wa bure kulalamika. Cha kufanya ni kujua kwamba usiku wa Saddle ndio usiku ambao kichwa kitauma.

Chukua siku nne, si tatu

Katika safari ya siku tatu, siku ya mwisho unaamka usiku wa manane, unapanda karibu mita 1,000, halafu unashuka mita 3,000 mpaka getini kabla ya jioni. Inawezekana. Vijana wa mazoezi hufanya, wapagazi hufanya kila wiki. Ila magoti ya mtu anayekaa ofisini hayakuumbwa kwa kazi hiyo, na ajali nyingi za kuteleza hutokea pale mtu anapoharakisha akiwa amechoka. Siku ya nne inakupa usiku mmoja wa Miriakamba wakati wa kurudi. Gharama yake ni ya usiku mmoja tu wa ziada, na kwa maoni yangu hakuna fedha utakayotumia vizuri zaidi kwenye mlima huu. Ukiwa na uwezo wa siku ya tano, lala Saddle mara mbili kabla ya kilele.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na Januari hadi Februari. Masika ya Machi hadi Mei inageuza njia ya msituni kuwa matope, na juu inaleta ukungu na miamba yenye unyevu. Mvua za vuli za Novemba na Desemba hazitabiriki; wapo wanaopata anga safi, wapo wanaorudi hawajaiona hata koni ya majivu. Kama tarehe zako zinabadilika, angalia kalenda ya mwezi na upange usiku wa kilele ukaribiane na mwezi mpevu. Juu ya ukingo, mbalamwezi inazidi tochi.

Vibali, gharama na watu utakaokwenda nao

Hifadhi iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au simu, hivyo usifike getini na bahasha ya noti ukitegemea kulipa dirishani. Utalipia kiingilio cha kila siku, malazi ya mabanda, ada ya uokoaji na huduma ya askari. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini sana na kwa shilingi, lakini lazima athibitishe uraia: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, si picha ya kwenye simu. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza vya mwaka husika kabla hujapiga bajeti.

Huwezi kupanda bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Sababu kubwa ni nyati. Kati ya Momella na Miriakamba utawaona mara nyingi, wakati mwingine wamesimama katikati ya njia wakikutazama kana kwamba unawadai. Tembo nao wapo msituni. Kanuni ni nyepesi: kaa nyuma ya askari, usibaki nyuma peke yako kupiga picha, na ukitaka kujisaidia kichakani mwambie kwanza.

Kuna swali moja ambalo watu hawaliulizi, nalo ndilo la muhimu kuliko yote wakati wa kuchagua kampuni: usiku wa kilele, mmoja wetu akishindwa katikati, nani atamrudisha? Askari mmoja huweza kuunganishiwa wageni wa makampuni mawili au matatu, wenye kasi tofauti kabisa. Kama kundi lina kiongozi mmoja tu, mgonjwa mmoja analazimisha wote kugeuka, au mbaya zaidi, anaambiwa akae chini ya jiwe asubiri wenzake warudi. Mtu asiachwe kusubiri kwenye baridi ya mita 4,000. Dai kiongozi msaidizi kwa maandishi. Wakikwambia haina shida, askari yupo, tafuta kampuni nyingine.

Wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe, hubeba chakula na mizigo yako mpaka Saddle. Mizigo hupimwa getini. Kabla ya kuondoka, tazama kama kila mmoja ana koti la mvua na viatu vya maana. Bahashishi jadilianeni na kiongozi mapema, kisha siku ya mwisho mkabidhi kila mtu chake mkononi, mbele ya wenzake.

Mwili

Jipe wiki nane hadi kumi. Kukimbia kunasaidia pumzi, lakini misuli inayokuokoa Meru ni ya mapajani inapofanya kazi ya kuzuia, yaani wakati wa kushuka. Tafuta jengo lenye ghorofa nyingi, panda kwa lifti kama unataka, ila shuka kwa ngazi ukiwa na begi la kilo nane mgongoni. Rudia. Wakazi wa Arusha wana kilima cha Themi, wa Morogoro wana Uluguru nyuma ya nyumba, wa Dar es Salaam watajikongoja na vilima vya Pugu. Kwa Nairobi kuna Ngong, na kipimo kizuri zaidi ni Longonot: panda hadi ukingoni, zunguka kreta yote, shuka siku hiyohiyo. Kama kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta, uko njia nzuri.

Fanya pia mazoezi ya mizani. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, macho yakiwa yamefumbwa. Watoto watakucheka. Gizani juu ya mwamba, mizani ndiyo yote uliyonayo.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, pumu kali, selimundu au ujauzito aongee na daktari kabla hajalipa chochote.

Mzigo wa kubeba, na usiobebwa

Buti ndiyo kitu cha kwanza. Zipande kifundo cha mguu, ziwe na soli inayong'ata mwamba, na uwe umezivaa kwa wiki kadhaa. Jaribu kwa kushuka mteremko: vidole vikigonga mbele, ukubwa haufai. Kata kucha siku mbili kabla ya safari.

Nguo ni za tabaka. Chini fulana ya kubana isiyo ya pamba, maana pamba ikilowa jasho inabaki baridi mwilini. Juu yake sweta la sufu au la aina ya flisi. Kisha koti zito la kujazwa. Mwisho koti la kuzuia upepo na mvua. Suruali mbili kwa usiku wa kilele. Kofia ya sufu, na glavu jozi mbili: nyembamba za kushikia mwamba na nene za kuvaa juu yake. Kileleni alfajiri joto hushuka chini ya sifuri, na upepo wa ukingoni unalifanya lionekane chini zaidi. Kwa vitu hivi huhitaji kutajirisha maduka. Soko la Memorial pale Moshi lina makoti ya mitumba ambayo wenyeji wa Ulaya waliyavaa kwenye theluji, kwa bei ya fulana mpya mbili.

Tochi ya kichwani isiwe ya simu. Beba betri za akiba na uzilaze nazo ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu na pawabenki, kwa sababu baridi hunyonya chaji. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua ni kwa kila rangi ya ngozi. Ukibisha, midomo itakujibu siku ya tatu. Fimbo mbili za kutembelea zinazokunjwa ni msaada mkubwa kwenye majivu, na ni balaa kwenye mwamba, tutaona hapo chini.

Maji: beba uwezo wa lita tatu. Miriakamba maji yapo. Saddle wakati mwingine ni ya taabu, yanabebwa kutoka chini. Yachemshwe au yatiwe dawa. Watu wa eneo hili wanajua maji ya Meru yana floridi nyingi, ndiyo inayotia meno ya wengi rangi ya kahawia, lakini siku nne hazitakuharibia meno. Vijidudu ndivyo vya kuogopa.

Siku ya kwanza: Momella hadi Miriakamba

Kutoka barabara kuu ya Arusha–Moshi unakata kushoto Usa River, unaingia geti la Ngongongare na kupita Serengeti Ndogo, uwanda ambako twiga na pundamilia hula bila kujali magari. Momella ukiandikishwa na kupewa askari, mara nyingi imeshafika saa 5 asubuhi.

Njia ni mbili. Fupi inapanda moja kwa moja kwa saa tatu hadi nne. Ndefu inapinda kusini kupitia mtini mkubwa uliofanya tao, ambalo hata gari linapita chini yake, kisha msitu wa mitarakwa wenye mbega weusi kwa weupe. Hiyo ni saa tano au sita. Panda kwa ndefu, shuka kwa fupi. Ndefu ina mwinuko wa taratibu, na siku ya kwanza mwili unahitaji taratibu.

Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kukatisha sentensi. Ukiona wapagazi wanakupita wakiwa na mizigo kichwani, wapishe upande wa mlimani na usijaribu kuwafuata. Jioni kula vizuri: mara nyingi utapewa supu, na kama mpishi ni mwenyeji, mwombe mtori.

Siku ya pili: Saddle na Meru Mdogo

Ni mwendo wa saa tatu hadi tano, ngazi nyingi za mbao na udongo. Utapita Topela Mbogo, dimbwi la nyati, na Mgongo wa Tembo, ambako mandhari inafunguka na ukingo wa kesho unaonekana wote. Uangalie kwa makini mchana huu. Muulize kiongozi akuonyeshe Rhino Point na Cobra Point, ili usiku ujue ulipo.

Ukifika Saddle, kula, pumzika saa moja, halafu uinuke. Najua hutataka. Kilele cha Little Meru, Meru Mdogo, kina mita 3,820 na ni mwendo wa kama saa moja kutoka mabandani. Kupanda juu kisha kurudi kulala chini husaidia mwili kuzoea, na kwa kuwa pengo la siku hii ni kubwa mno, matembezi haya si ya mapambo. Kaskazini na mashariki unaziona nyanda za Engare Nanyuki, ambako mwaka 1951 Wameru walifukuzwa na serikali ya kikoloni ili wapishe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka kesi yao Umoja wa Mataifa, New York. Mlima unaoupanda una watu wake, na ukitembea na askari au mpagazi Mmeru, mwache akusimulie mwenyewe.

Rudi, kunywa chai ya tangawizi na bisi, kula chakula cha jioni saa 11, na ulale saa 1 usiku. Usingizi hautakuja vizuri. Kulala macho yakiwa wazi nako ni kupumzika. Panga nguo zote kwa mfuatano wa kuvaa, jaza maji, na geuza chupa mdomo chini ndani ya begi: maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo utabaki wazi.

Usiku wa kilele

Saa 6 usiku unaamshwa. Chai, uji, biskuti, hata kama tumbo halitaki. Saa 7 mnaondoka. Vaa kidogo kuliko unavyotamani, kwa sababu baada ya dakika 20 za mwinuko utatoa jasho, na jasho la usiku huo ni adui.

Sehemu ya kwanza, hadi Rhino Point, ni udongo na majivu kati ya vichaka. Inachukua saa moja, pengine na nusu. Hapa ndipo pa kujikagua: kama kichwa kinauma sana, unatapika au unayumba, geuka sasa. Hujaingia kwenye miamba bado na kurudi ni rahisi.

Baada ya Rhino Point njia inashuka kidogo, jambo linaloudhi, kisha inaingia kwenye mabamba ya mwamba yaliyolala kwa mteremko, kushoto ni bonde la kreta. Hapo kunja fimbo na uzifunge kwenye begi. Fimbo iliyochomekwa kwenye ufa wa jiwe hukuvuta uanguke. Katika mwamba tumia kanuni ya viungo vitatu: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimetulia ndipo kiungo cha nne kisogee. Kanyaga kwa soli nzima na usimame wima. Mtu mwenye hofu huegemea mwamba, na kuegemea ndiko kunakofanya buti zikose mshiko na kuteleza. Jaribu kila jiwe kwa kuligonga kabla ya kuliamini uzito wako, maana mawe ya volkano hulika ndani. Panapo mnyororo, ushike kwa ajili ya mizani, usining'inie. Sogeeni mmoja mmoja, na jiwe likikuponyoka piga kelele "Jiwe!" kwa sauti kubwa, hata kama unadhani hakuna mtu chini.

Mvua ikiwa imenyesha jioni, mabamba haya huweza kuwa na utando wa barafu usioonekana. Elekeza tochi pembeni, si moja kwa moja, barafu itang'aa.

Kisha ni majivu marefu, hatua mbili mbele na nusu kurudi nyuma, mpaka Cobra Point mnamo saa 10 au 11 alfajiri. Kutoka Cobra Point urefu uliobaki ni mita 216 tu na watu hudhani wamemaliza. Wanakosea. Sehemu hii ni mawe makubwa yaliyopangana ovyo, njia ikifuata alama za rangi zilizopakwa juu yake, na kuna vilele vya uongo kadhaa. Hewa hapa ina oksijeni chini kidogo ya asilimia 60 ya ile ya pwani. Pumua kwa nguvu unapotoa, si unapovuta, vuta itajifuata. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Kiongozi akienda haraka mwambie, na asipopunguza, simama.

Kilele ni kidogo, chenye bendera na kibao. Mashariki, kama kilomita 70, jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, na chini yako ukuta wa kreta unaporomoka zaidi ya nusu kilomita. Piga picha ukiwa umekaa au umesimama mbali na ukingo. Usirudi kinyumenyume ukitafuta fremu. Dakika 20 zinatosha.

Na kuna saa ya kugeuza. Ikifika saa 2 asubuhi hujafika, geuka popote ulipo. Mkubaliane na kiongozi jana yake, mkiwa na akili timamu, kwa sababu juu kule kila mtu atasema bado kidogo tu.

Kushuka

Kula kwanza, kabla hujachukua hatua. Tende, karanga, kashata, chochote cha kuingia haraka. Kaza kamba za buti upya, hasa juu ya kifundo, ili vidole visisukumwe mbele.

Kwenye mawe ya juu ya Cobra Point shuka polepole kuliko ulivyopanda. Panapokuwa na mwinuko mkali geukia mwamba, tumbo likitazama jiwe, na ushuke kama mtu anayeshuka ngazi ya dari. Usikae chini na kujisukuma kwa makalio: mguu unakosa uzito, na begi linakwama. Kwenye majivu toa fimbo, kunja magoti kidogo, piga kisigino kwanza. Ukipata raha ya kuteleza nayo, punguza. Mawe yamejificha ndani.

Ukikaribia tena yale mabamba ya Rhino Point, simama. Kunywa maji. Ndiyo sehemu iliyokupita gizani bila kuiona, na sasa miguu inatetemeka. Mwenye hofu ya kimo amtazame kiongozi buti zake, akanyage palepale alipokanyaga, na asijali nani anamtazama. Kushikwa mkono si aibu. Mawingu huanza kupanda kutoka bondeni kuanzia saa 4 asubuhi, sababu nyingine ya kutochelewa juu. Ukivunjika huku, kinachokuteremsha ni machela na mabega ya watu, kwenye njia ileile ambayo wewe mzima uliiona ngumu.

Saddle utafika kama saa 5 asubuhi. Lala saa moja, kula, kisha saa mbili nyingine za kushuka hadi Miriakamba.

Ugonjwa wa mwinuko

Kichwa kuuma kidogo, hamu ya kula kupotea na usingizi wa kukatika ni kawaida ukiwa Saddle. Kunywa maji, kula, meza paracetamol, tulia. Dalili zikizidi, usipande zaidi.

Hatari ni aina mbili. Ya ubongo: mtu anachanganyikiwa, anayumba kama mlevi. Mpime kwa kumwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, ashuke mara moja. Ya mapafu: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine makohozi yenye povu au rangi ya damu. Naye ashuke mara moja, usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke. Dawa ya kweli ya hali zote mbili ni kupoteza kimo, na Meru ina ukarimu mmoja hapa: kutoka Saddle hadi Miriakamba ni mita 1,000 kwa saa mbili.

Dawa iitwayo Diamox husaidia kuzuia ugonjwa huu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla. Itakukojoza sana na kukutia ganzi vidoleni. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Pombe na dawa za usingizi viache mjini.

Siku ya nne, na baada yake

Njia fupi hadi Momella, saa mbili au tatu, nyati wakiwa wale wale, kwa hiyo usimtangulie askari kwa sababu tu umenusa lami. Getini kuna vyeti. Kama ulifika Meru Mdogo pekee, uliza pia, kipo chake.

Ukiunganisha na Kilimanjaro, pumzika siku moja au mbili tu. Ukikaa mjini wiki mbili, mwili unasahau mwinuko uliouzoea na faida yote inapotea. Ogesha magoti kwa maji baridi jioni ya kwanza, tembea kidogo kesho yake. Ukucha ukigeuka mweusi na hauumi, uache. Utang'oka wenyewe, na mwingine uko chini yake.